Barua ya wazi kwa wafugaji wa choroa weupe katika nchi za Ghuba

Waheshimiwa mashekhe, mabwana na mabibi mnaofuga choroa weupe katika mashamba na mazizi yenu, kuanzia Kuwait mpaka Salala,



Nimeamua kuwaandikia nyinyi badala ya kuiandikia mamlaka yoyote. Mamlaka za mazingira za Oman, Saudia na Imarati zina wataalamu wao, zina hifadhi na sheria zao, na barua za kila namna zinazifikia. Nyinyi ni nadra kuandikiwa. Na hali ilivyo ni kwamba sehemu kubwa ya choroa hao wa Arabuni walio hai leo hawako jangwani. Katika tathmini yake ya mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilikadiria kuwa walioko porini ni kama 1,220, na waliofungiwa ni kati ya 6,000 na 7,000, wengi wao hapa hapa katika Bara Arabu. Wapo walio kwenye bustani za wanyama na vituo vya serikali. Wapo walio kwenu. Anayetaka kujua kama mnyama huyu atarudi porini na kubaki huko, hana budi kubisha hodi milangoni mwenu.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha iliyolea nyumba nyingi za Maskati, yangu ikiwemo, na nawajua wafugaji wa choroa wanaoisoma kwa raha zaidi kuliko ripoti za Kiingereza. Nakala ya Kiarabu itafuata, inshallah.

Nianze kwa kuwapa haki yenu. Mwaka 1962, choroa walipokuwa wanamalizwa na misafara ya wawindaji wa magari na bunduki za kisasa, chama cha Kiingereza cha Fauna Preservation Society kilituma kikosi kwenda kwenye jangwa la mashariki mwa Himaya ya Aden kukamata wachache kabla hawajaisha. Kiongozi wake alikuwa Meja Ian Grimwood, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa wanyamapori wa Kenya. Wakahangaika jangwani kwa wiki kadhaa na kuambulia wanne tu: madume watatu na jike mmoja. Dume mmoja akafa. Watatu waliobaki wakapelekwa Isiolo, nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya, ambako binamu zao, choroa wa Afrika Mashariki, wanaishi porini mpaka leo. Msafiri anayekatiza Isiolo kuelekea Samburu sijui kama anafikiria kwamba choroa wa Arabuni waliwahi kuwekwa pale, wakisubiri safari ya kwenda Phoenix, Arizona, walikofikishwa mwaka 1963.

Lakini jike mmoja na madume wawili hawaanzishi kizazi. Bustani ya wanyama ya London ikatoa mmoja. Sheikh Jaber Abdullah al-Sabah wa Kuwait akatoa mmoja. Mfalme Saud akatoa wanne kutoka kwenye zizi lake la Riyadh. Wakawa tisa. Kundi hilo ndilo lililokuja kuitwa Kundi la Dunia, na watano kati ya hao tisa walitoka kwa wakubwa wa Ghuba, kwenye mazizi kama haya ya kwenu. Mtu akiwaambieni kwamba kufuga choroa nyumbani ni dhambi tangu mwanzo, huyo hajui historia. Bila mazizi yale, na bila wenye mazizi kukubali kutoa walichokipenda, mnyama huyu leo angekuwa picha ukutani.

Maana porini aliisha kweli. Oktoba 1972, katika uwanda wa Jiddat al-Harasis hapa Oman, wawindaji waliotoka mbali walilikuta kundi dogo la mwisho. Baada ya siku hiyo hapakuonekana tena choroa mwitu popote duniani. Waharasis, wafugaji wa mbuzi na ngamia ambao uwanda ule ndio kwao, ndio waliokuwa wakikaa naye karibu kuliko watu wengine wote, na ndio waliobaki na nyayo zake mchangani kwa siku chache, kisha hata hizo zikafutika.

Sultan Qaboos, Mungu amrehemu, ndiye aliyetaka arudishwe. Wanyama wa kwanza walirejea kutoka Marekani mwaka 1980 wakafikia Yalooni, katikati ya uwanda ule ule. Nawaombeni mtazame vizuri namna kazi ile ilivyofanywa, kwa sababu yapo mawazo kwamba kumrudisha mnyama porini ni kufungua mlango wa gari ashuke. Choroa hawa walizaliwa mikononi mwa watu. Walikuwa wamezoea kuletewa majani na kukuta maji kwenye beseni. Mark Stanley Price, aliyeongoza mradi, na wenzake waliwaweka kwanza kwenye mazizi madogo, kisha kwenye eneo la kilomita moja ya mraba lenye uzio, wakae wajuane. Choroa peke yake jangwani ni mfu anayetembea. Lazima awe na kundi, na kundi lazima liwe na mpango wake: nani atangulie, nani asogee mwenzake anapotaka kivuli cha mgunga, jike gani litafuatwa harufu ya mvua ikija. Mambo hayo hayafundishwi na binadamu. Yanataka muda. Tarehe 31 Januari 1982 lango likafunguliwa, na choroa kumi wakatoka kama kundi.

Na jangwa likawapokea. Jiddat al-Harasis hakuna mto wala ziwa, na mvua inaweza kupita miaka isinyeshe. Kuna ukungu unaotoka Bahari ya Arabuni usiku, ukalowesha majani na matawi. Alfajiri choroa hula majani yale yakiwa bado na unyevu, na hayo ndiyo maji yake. Jua likipanda huchimba shimo la kina kifupi chini ya mti, akalaza tumbo kwenye udongo uliopoa. Walinzi waliajiriwa kutoka kwa Waharasis wenyewe, watu wanaoweza kukuonyesha unyayo na kukwambia umepita lini na aliyeupitisha alikuwa na mimba au hakuwa nayo. Kufikia Oktoba 1995 choroa wa porini walikadiriwa kuwa 280 hivi, wakitumia zaidi ya kilomita za mraba 16,000. Mwaka 1994 UNESCO ilikuwa imeshaiingiza hifadhi ya choroa ya uwanda ule katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wa uhifadhi kila pembe walikuwa wakiitaja Oman kama mfano wa kuigwa.

Februari 1996 ujangili ukaanza upya. Safari hii haukuwa wa nyama wala wa pembe. Walitakiwa wakiwa hai.

Hapa ndipo ninapotaka tusemezane bila kufichana. Jangili haendi jangwani usiku kwa pikapu, akahatarisha shingo yake, kwa mnyama asiye na mnunuzi. Biashara ile ililisha mazizi ya watu binafsi, wengi wao nje ya Oman. Kwa kuwa mnunuzi alitaka mnyama wa kuzalisha, majangili walichagua majike na ndama. Oktoba 1996 choroa wa porini walikadiriwa kupita 400 kidogo. Septemba 1998 walikuwa 138, na katika hao majike yalikuwa 28 tu. Ikabidi wale wale waliokuwa wamehangaika miaka mingi kuwatoa zizini waanze kuwakamata na kuwarudisha Yalooni. Kiasi cha 40 wakarejeshwa ndani ya uzio ili angalau waokolewe hao. Januari 1999 majike ya porini yalikuwa yamebaki 11.

Sijui kama aliyenunua aliwahi kuambiwa namna mzigo wake ulivyopatikana. Choroa anafukuzwa na gari mpaka mapafu yanashindwa. Ana mwili uliojengwa kwa mwendo wa polepole na wa mbali, wa kutembea usiku kucha kuelekea kwenye majani mapya. Mbio za namna ile juani hazimo katika maumbile yake. Misuli yake huungua kwa joto lake mwenyewe. Anaweza kusimama, akapakiwa, akafika kwa tajiri akionekana mzima, kisha baada ya siku mbili tatu miguu ya nyuma ikakataa, mkojo ukawa mweusi kama kahawa, akafa. Ndama aliyefichwa na mama yake kwenye majani, kama kawaida ya choroa kumficha mtoto wiki za mwanzo, hubaki pale pale akisubiri kunyonya. Kwa hiyo kwa kila jike lililofika shambani likiwa hai, wapo wengine waliokufa njiani, na wapo ndama ambao hakuna aliyewahesabu.

Mwaka 2007 mambo yakafika mwisho wake. UNESCO ilitaja wanyama 65 waliosalia, wakiwa na jozi kama nne tu za kuzaliana, kutoka 450 mwaka 1996. Na Oman, kwa uamuzi wake yenyewe, ikalipunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90 ili kutafuta mafuta na gesi. Kikao cha UNESCO cha Christchurch, New Zealand, kikaifuta hifadhi ile katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa eneo lolote duniani kufutwa. Nimesikia watu wakilaumu visima vya mafuta peke yake kwa aibu ile, na visima vina sehemu yao, sikatai. Lakini eneo lilipunguzwa baada ya wanyama kuwa wamekwisha kuchukuliwa. Kama pangekuwa na choroa mia nne wanaozunguka pale, uamuzi wa kulikata eneo lao usingepita kirahisi namna ile.

Nimewahi kualikwa shambani kwa jamaa mmoja pwani ya Batina, mtu mkarimu ambaye simtaji na hana ubaya na mtu. Baada ya chakula akanipeleka kuona choroa wake. Walikuwa watano kwenye zizi la waya, chini ya bati, na mbele yao majani mabichi ya kutosha ng'ombe kumi. Manyoya yao yalikuwa safi mno. Nikainama kutazama miguu. Kwato zilikuwa zimerefuka mbele na kuanza kujikunja, kwa sababu mchanga laini wa zizi hauzisagi kama changarawe za uwandani zinavyozisaga. Jike moja lilikuwa linatembea kando ya waya, likifika pembeni linageuka, likirudi linageuka, na chini yake pamechimbika njia nyembamba. Mwenyeji wangu anawapenda wanyama wale kwa dhati; anawaita kwa majina, akiumwa mmoja halali. Nikamuuliza walikotoka. Akasema amewanunua kwa mtu. Na yule mtu? Hajui.

Jibu hilo, waheshimiwa, ndilo linalonisumbua kuliko idadi zote nilizoziandika hapo juu. Farasi wa Kiarabu anayefugwa Ghuba ana nasaba iliyoandikwa, kizazi baada ya kizazi. Ngamia wa mashindano anajulikana mama yake na bibi yake, na mwizi wa ngamia hapati pa kumuuzia. Kwa nini choroa, mnyama ambaye jamaa zake wote walipitia kwenye tundu la sindano mwaka 1972, auzwe kama mbuzi wa sokoni asiye na asili? Mkianza nyinyi wenyewe kukataa kumpokea mnyama ambaye muuzaji hawezi kueleza alizaliwa zizi gani na kwa mama yupi, soko la jangili linakufa bila askari hata mmoja kufyatua risasi. Serikali haiwezi kulifanya hilo peke yake. Tunayo Amri ya Kisultani namba 6 ya mwaka 2003 inayolinda hifadhi na wanyamapori, na choroa wa Arabuni yumo katika jedwali la kwanza la mkataba wa CITES, ambako biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini imezuiwa. Sheria hizo zinasimama mpakani na hifadhini. Haziingii kwenye mazungumzo ya barzani kwako baada ya Isha, pale mtu anapokuja na picha kwenye simu na kukwambia anaye jike zuri, bei ya kirafiki.

Najua mtakalosema, na mna haki ya kulisema: kwetu wanakula, wanatibiwa, hawauawi, huko porini mliwapeleka wakaishia kuibiwa. Ni kweli kwamba ndani ya uzio choroa anaishi. Hata Oman leo choroa wa Al Wusta, hifadhi ya uwanda ule ule, ni mamia, na wengi wao wako ndani ya uzio wa serikali, kwa sababu nje bado hakujaaminika. Ila choroa wa zizini, kizazi kikipita juu ya kizazi, anaolewa na nduguye kwa kukosa mwingine, anasahau kufuata mvua, na ndama wake wanazaliwa dhaifu. Zaidi ya hapo, hofu mnayoitaja ya kuibiwa porini ina mwisho wake mikononi mwenu. Hawaibiwi na simba.

Tena mnao ushahidi karibu kwamba wanyama wa mazizini wanaweza kurudi. Mwaka 2011 IUCN ilimtoa choroa wa Arabuni kwenye daraja la walio hatarini kutoweka na kumweka kwenye daraja la unafuu zaidi, na ni mnyama wa kwanza kupanda hivyo baada ya kuwa alishatoweka kabisa porini. Saudia imewarudisha Mahazat as-Sayd tangu 1990 na Uruq Bani Ma'arid tangu 1995, pembezoni mwa Rub' al-Khali. Abu Dhabi ikaanza kuwarudisha jangwani kwake mwaka 2007. Na tazameni kilichofanyika Chad. Choroa wa Sahara, yule mwenye pembe zilizopinda kama jambia, alitangazwa kuwa ametoweka porini mwaka 2000. Abu Dhabi ikakusanya wanyama kutoka bustani za wanyama na mazizi ya watu, ikachanganya damu zao kwa mpangilio wa kisayansi, ikawasafirisha kwa ndege mpaka hifadhi ya Ouadi Rimé-Ouadi Achim, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 78,000 hivi. Kundi la kwanza lilitoka ndani ya uzio Agosti 2016 likiwa na vifaa vya setilaiti shingoni. Desemba 2023 IUCN ikatangaza kwamba mnyama yule hayumo tena katika waliotoweka porini. Wachungaji wa Chad wanawaona ndama waliozaliwa huko huko. Wazee wa ndama hao walikuwa wanyama wa kufungiwa.

Ninachowaomba kwa choroa wetu kinaanza na damu. Mruhusuni daktari wa wanyama wa mamlaka ya nchi yenu achukue sampuli kwa kila choroa mliye naye, vinasaba vyake vipimwe na kuandikwa kwenye daftari moja la Ghuba nzima. Kazi hiyo kwa mnyama mmoja haichukui muda mrefu. Huenda katika mazizi yenu imo damu isiyokuwemo katika Kundi la Dunia, na damu hiyo ndiyo wataalamu wanayoitafuta ili kizazi kisizidi kudhoofika. Najua wapo wanaoogopa kwamba sampuli itafichua mnyama aliyenunuliwa vibaya miaka ya nyuma. Hapo naziomba serikali, kwa kuwa najua barua hii zitaisoma, zitangaze muda wa msamaha: anayejitokeza mwenyewe na mnyama wake asifunguliwe kesi. Kumwadhibu mwenye zizi aliyekuja kwa hiari kutawafanya mia wengine wafunge milango.

Baada ya hapo, toeni majike. Madume yapo ya kutosha kila mahali, na nawashukuru wanaoyatoa, lakini kundi linajengwa na majike, na majike ndiyo yaliyoibiwa. Mwenye kumi atoe mawili yenye afya, yasiyozoea mno binadamu, yakae pamoja na wenzao kwenye zizi la maandalizi kwa muda unaostahili kabla ya lango kufunguliwa.

Na fedha. Bei ya choroa mmoja mnayoilipa sasa ingetosha mshahara wa mlinzi Mharasis kwa miezi mingi. Waharasis walilinda uwanda ule kwa magari machache dhidi ya watu wenye silaha, usiku, mbali na msaada wowote, na waliposhindwa hawakushindwa kwa kukosa moyo. Vijana wao leo wanaitwa na kampuni za mafuta na miji ya pwani. Kijana atabaki Jiddat kusoma nyayo ikiwa kazi hiyo inalisha nyumba yake kwa heshima na ikiwa anajua bado itakuwepo mwakani. Mfuko wa kudumu wa walinzi, unaochangiwa na wenye mazizi na kusimamiwa hadharani, unaweza kuanzishwa na familia chache tu kati yenu. Waharasis wawe na viti katika usimamizi wake, kwa sababu jangwa lile wanalijua na sisi wa mjini hatulijui.

Kuna miongoni mwenu wenye sauti kubwa kuliko ya waziri. Sheikh anaposema mbele ya wageni wake kwamba kwake haingii choroa asiye na karatasi, siku ya pili madalali wote wa wanyama kutoka Al Ain mpaka Doha wameshalisikia. Neno hilo halina gharama, na sijui jambo jingine lingeweza kuwasaidia walinzi wa uwandani upesi kiasi hicho.

Kundi la kwanza la Yalooni lilitoka Januari, hali ya hewa ikiwa imepoa na majani yakipata ukungu. Kuanzia sasa mpaka msimu wa baridi ujao kuna muda wa kuchukua sampuli, kuchagua majike na kuyaandaa. Aliye tayari asisubiri mwenzake. Awasiliane na mamlaka ya mazingira ya nchi yake, ataje idadi ya choroa alionao, aombe daktari aje.

Wassalaam alaykum warahmatullah,

Ndugu yenu, mkaazi wa Maskati